Mtoto kapimwa masikio, wanasema yuko sawa, lakini maneno hayaingii. Nifanyeje?

MamaSele (Tanga)

Wadau habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu na watoto wa umri huu.

Mwanangu ana miaka sita na nusu, yuko darasa la kwanza. Ni mchangamfu, mpira anacheza, njia za mji mzima anazikumbuka. Lakini ukimwambia "nenda jikoni, chukua sahani ya bluu, umpelekee bibi", anafika jikoni anaduwaa. Au anarudi na kikombe. Ukimtuma kitu kimoja, uso kwa uso, redio imezimwa, anakwenda vizuri tu. Shuleni ndiyo balaa. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa kumi, mwandike sentensi ya pili", yeye anachungulia jirani anafanya nini, kisha anaiga. Kuongea alichelewa. Mpaka leo anasema "nimempiga Juma" kumbe Juma ndiye aliyempiga yeye, na tumeshagombana na jirani bure kwa hilo.

Kwenye hospitali moja walimvalisha vile vya kichwani, kila akisikia mlio anainua mkono. Wakasema anasikia kawaida. Kinachonichanganya zaidi ni madrasa. Sura nyingi za Juzuu Amma anazo kichwani na ustadhi anamsifu. Sasa masikio yanayoshika Kiarabu asichokielewa yanashindwaje na Kiswahili cha nyumbani?

Shemeji anasema ni kiburi. Mwalimu mkuu katuambia tuache Kisambaa nyumbani, tubaki na Kiswahili tu. Na kuna mtu kanitumia video ya programu ya kompyuta ya "kuufundisha ubongo kusikiliza". Bei yake inakaribia mishahara yangu miwili. Anasema mtoto ana tatizo la uchakataji wa sauti, na akifika miaka saba tutakuwa tumechelewa. Nimlipe?

mzee_wa_kazi

Huyo akatwe kimio. Wengi wameongea baada ya hapo, mimi nimeshuhudia.

mwl_ifakara

Mama pole. Wajuzi wa hospitali watakuja, mimi niseme ya darasani.

Nafundisha darasa la kwanza, tuko zaidi ya tisini chumba kimoja, bati bila dari. Mvua ikishuka hata aliyekaa mbele yangu hanisikii, tunaandika ubaoni tu mpaka ikatike. Kwa hiyo siku ya mvua simhukumu mtoto yeyote. Wa kuwaangalia ni wale wanaopotea hata siku tulivu. Na hao ukiwafuatilia wana tabia ileile ya mwanao: wanasubiri wenzao waanze. Walimu wengine wanawachapa kwa "kuangalizia". Mimi naona ni akili, mtoto ametafuta njia yake.

Kuhusu kiburi: mwenye kiburi anachagua. Leo atakataa kufagia, kesho atakimbilia dukani kwa sababu kuna chenji. Wako anakwama palepale kila siku, hata kwenye kitu anachokipenda. Muombe mwalimu wake amkalishe mbele, mbali na dirisha la barabarani, agizo litolewe moja moja na lioneshwe kwa mkono. Halina gharama hilo.

Bint_Kuze (Mombasa)

MamaSele, pole dadangu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya lugha kwa watoto, niko Mombasa. Nitaandika marefu, nivumilie.

Kimio kwanza, tumalizane nacho. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakina kazi yoyote katika kuelewa maneno. Nimepokea watoto waliokatwa, wamekuja na kovu na maneno yaleyale machache. Mzee wa kazi, wapo watoto wengi wanaochelewa na wakaja kuongea wenyewe tu. Aliyekatwa kabla ya hapo, sifa anazichukua mwenye wembe.

Sasa kipimo. Kile cha kuinua mkono ni kizuri, sikidharau, ila kinajibu swali moja: katika chumba kimya, siku ile, mtoto anasikia milio midogo kiasi gani. Hakisemi anayapokeaje maneno yanayofuatana upesi huku wenzake wakipiga kelele. Wala hakisemi alikuwa anasikiaje mwaka juzi.

Hilo la mwaka juzi ndilo ninaloliulizia zaidi. Watoto wadogo hujaa maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, bila usaha, bila maumivu, mzazi hajui. Uingereza wanakadiria kuwa watoto 8 kati ya 10 huwa wameipata hali hiyo angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka kumi. Maji yakikaa, usikivu hushuka, mara nyingi kwa desibeli 20 hadi 30, na sauti inamfikia mtoto kama ya mtu anayezungumza nyuma ya mlango. Vokali zinapenya, lakini s, f, t na k zinafifia. Kisha maji yanakauka, mtoto anapimwa, anapita. Au alipimwa akiwa nayo kidogo, kwenye chumba chenye kelele, na fundi akaandika "kawaida". Rudi uombe kile kipimo cha kiplagi laini kinachosukuma hewa kidogo sikioni. Hakimtaki mtoto ajibu chochote na kinachukua dakika chache.

Kuna la pili, adimu, ila kwetu huku tusilipuuze. Sikio la ndani linaweza kuwa zima, lakini neva ikapeleka ujumbe ubongoni bila mpangilio. Mtoto anasikia mlio, neno anapokea vipande, na penye kelele hapokei kitu. Hutokea zaidi kwa waliozaliwa njiti au waliopata manjano makali siku za mwanzo. Hapo vinahitajika vipimo viwili vya pamoja: kimoja kinanasa mwangwi ambao sikio la ndani lenyewe huurudisha, kingine kinabandika nyaya kichwani kusoma mawimbi ya neva. Mwangwi ukiwepo na mawimbi yasionekane, mmelipata tatizo. Kwa hiyo nijibu: alipozaliwa aliwekwa kwenye mwanga kwa sababu ya manjano? Na amewahi kulazwa kwa malaria yenye degedege? Nauliza kwa sababu watafiti wa Kilifi waliwafuatilia watoto walionusurika malaria ya kupanda kichwani, na baadhi yao walibaki na shida za lugha miaka kadhaa baadaye, huku mzazi akijua mtoto alishapona.

La tatu ni swali moja tu: kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Ipo kifafa inayonyang'anya watoto lugha, imeelezwa kitabibu tangu 1957, na inaweza kuja bila mtoto kuanguka. Anaacha kuelewa anachoambiwa, watu wanadhani amekuwa kiziwi. Kama ni hivyo, funga simu uende hospitali kubwa.

Tuseme yote hayo yametoka safi. Hapo ndipo majina mawili yanapogongana. Huyo muuzaji wako ametaja uchakataji wa sauti, yaani masikio mazima ila ubongo unapata taabu kuzitenganisha na kuzipanga sauti. Jina lingine ni Tatizo la Ukuaji wa Lugha, kwa kifupi cha Kiingereza DLD, ambalo wataalamu wa nchi kadhaa wakiongozwa na Dorothy Bishop wa Oxford walikubaliana kulitumia mwaka 2017, maana awali kila mtu alikuwa na jina lake. Hili si adimu. Utafiti wa Surrey, Uingereza, uliochapishwa 2016 uliliona kwa takriban asilimia 7 ya watoto wanaoanza shule. Mwalimu wa Ifakara, kwa kiwango hicho darasani mwako wako kama sita.

Shida ya hilo jina la kwanza iko kwenye vipimo vyenyewe. Vingi hutumia maneno: mtoto anavishwa vya masikioni, neno moja kulia, lingine kushoto, arudie yote mawili. Mwenye lugha dhaifu ataanguka kwa sababu ya lugha, asiyetulia ataanguka kwa sababu ya kutotulia, na wote watapewa cheti kimoja. Halafu majibu ya watoto wadogo yanayumba mno, ndiyo maana kliniki nyingi zinazofanya vipimo hivyo hazimpokei mtoto kabla hajafika miaka saba. Wewe unaambiwa saba ni kuchelewa, tena na mtu aliyempima mwanao kupitia video.

Haya, madrasa. Hapo umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Mtoto aliyeshika sura kwa makhraja sahihi, yaani kila herufi anaitamka panapostahili, anatuambia kwamba, akiwa karibu na ustadhi na akirudiarudia, sikio lake linazitenga sauti nyembamba kabisa. Kwa hiyo mimi siendi moja kwa moja kwenye sikio. Lakini pia tusimpe sifa ya bure. Sura ameisikia mara nyingi sana, ina mahadhi, na hakuna anayemtaka aelewe kisha atende. Jaribu kitu kingine leo usiku. Mtajie neno lisilokuwepo, mara moja tu, alirudie: *fitako*. Kisha *belumaki*. Kisha *sodagimeru*. Kisha *pakonidulemi*. Tangu 1990 tunajua kuwa watoto wengi wenye tatizo la lugha wanayaweza mafupi na kuporomoka kwenye marefu, kwa sababu sauti mpya haikai kichwani muda wa kutosha kuwa neno. Kama anaporomoka kwenye silabi nne au tano, umeshaelewa kwa nini "sahani ya bluu" inamwagika kabla hajafika jikoni.

Na hilo la Juma lina maana yake. Kiswahili chetu kinaficha mambo makubwa kwenye sauti ndogo zisizo na mkazo: *amempa, amenipa, amepewa*. *Nimepiga, nimepigwa*, kuna kijisauti kimoja tu pale kati kinachosema nani kaumia. Chukua mbwa na paka wa plastiki, mwambie "nioneshe: mbwa anafukuzwa na paka". Akimfanya mbwa afukuze, rudia polepole, karibu, pakiwa kimya. Akiendelea kukosea hata hivyo, kusikia siyo shida kubwa ya hapo. Sarufi ndiyo haijakaa.

Kisambaa msikiache. Tatizo hili likiwepo huonekana katika kila lugha ya mtoto, na kumwondolea moja hakuiponyi nyingine. Utakachofanya ni kumkosesha maongezi na bibi yake.

Baba_Leicester

Nimesoma nikaona kama mnamwongelea binti yangu. Yeye kazaliwa huku Leicester. Akiwa na miaka mitatu walimkuta na maji masikio yote mawili, wakasubiri, hayakukauka, wakamwekea vibomba vidogo kwenye ngoma za masikio. Alianza kulalamika kuwa choo kikivutwa maji kina kelele! Usikivu ulirudi, tukasherehekea. Lugha haikurudi nao. Alipofika miaka sita wakampima kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili kupitia mkalimani, kote kukawa chini, wakasema ni hiyo DLD.

Shule ikampa kile kifaa ambacho mwalimu anavaa maikrofoni shingoni na mtoto anapokea sikioni. Kinamsaidia sana, na masikio yake sasa ni mazima. Hapo ndipo nakwama, Bint Kuze. Kama tatizo si masikio, kwa nini kumsafishia sauti kunamsaidia?

Bint_Kuze

Baba Leicester, kwa sababu sisi wakubwa hatusikii kila silabi, tunajazia. Basi likipiga honi nikisema "nimeata kazi bandarini", umeshasikia *nimepata*. Umejazia kwa lugha uliyonayo. Mtoto ambaye lugha yake ni chache hana cha kujazia, kila silabi inayopotea imepotea kweli. Ndiyo maana kelele zinamwumiza kuliko mwenzake, na ukimpima penye kelele atafanana kabisa na mwenye tatizo la usikivu. Maikrofoni inampa silabi zote. Haimpi sarufi.

Na hilo la vibomba si la binti yako peke yake. Pittsburgh, Marekani, daktari Jack Paradise na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu watoto wenye maji yasiyokauka, wengine vibomba mapema, wengine wasubiri. Walipofika miaka mitatu lugha yao ilikuwa sawasawa. Wakawapima tena wakiwa na miaka tisa hadi kumi na moja, bado sawa. Hao walikuwa watoto wasio na tatizo lingine, kwa hiyo hainifanyi nidharau maji ya sikioni, na mtoto asiyesikia vizuri lazima asaidiwe. Ila ukimwona mtoto ambaye lugha iko nyuma sana, maji peke yake mara nyingi hayatoshi kuieleza.

MamaSele, hukupata jibu la pesa zako, nilichoka jana. Hiyo programu ina babu yake. Mwaka 1973 Paula Tallal na Malcolm Piercy walichapisha majaribio ya watoto wenye shida ya lugha. Waliwasikilizisha milio miwili mifupi na kuwauliza ipi ilitangulia. Milio ikiachana, watoto walijibu. Ikikaribiana, walichanganyikiwa wakati wenzao waliendelea vizuri. Wazo likazaliwa: sauti za maneno zinapita mbio, *ba* na *da* zinatofautiana katika sehemu ndogo sana ya sekunde, basi mtoto anayeshindwa na kasi atashindwa na lugha. Wazo zuri, mimi mwenyewe nililipenda chuoni. Mwaka 1996 Tallal na Michael Merzenich wakatangaza michezo ya kompyuta inayorefusha sauti kisha kuziharakisha kidogo kidogo, na kampuni ikaanzishwa.

Halafu wengine wakapima. Bishop na wenzake mwaka 1999 waliwachunguza watoto mapacha, wakakuta wenye lugha nzuri wanaoanguka kwenye milio, na wenye lugha mbovu wanaofaulu milio. Mwaka 2008 Marekani, Ronald Gillam na wenzake waliwagawa watoto 216 makundi manne: wa kwanza michezo hiyo, wa pili programu nyingine ya lugha, wa tatu kukaa na mtaalamu ana kwa ana, wa nne michezo ya kompyuta ya hesabu na jiografia isiyohusiana na lugha. Saa moja na dakika arobaini kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki sita. Makundi yote yalipanda, na ile michezo ya kusikiliza haikulizidi hata kundi la jiografia.

Basi. Mishahara miwili usitoe. Sisemi watoto hawana tofauti za usikivu, wanazo, na kwa wengine zinaongeza mzigo. Nasema kuunoa usikivu kwa milio hakujaonekana kugeuka kuwa lugha.

Cha bure: soma naye kitabu chenye picha, kilekile, siku nyingi. Chagua umbo moja la kukazia. Wiki hii "-pigwa, -fukuzwa, -pewa". Nani amepewa ndizi? Akijibu "Amina kapa", usimwambie amekosea, mrudishie: "Eee, Amina kapewa ndizi." Agizo likiwa refu likate, mwache alirudie mdomoni kabla hajaondoka. Mguse bega kwanza. Zima redio.

MamaSele

Ahsanteni sana, mwalimu, Bint Kuze, kaka wa Leicester, Mungu awabariki. Majibu: manjano alipata, ila ya kuanikwa jua la asubuhi tu, hakulazwa. Degedege hapana. Maneno hayajawahi kupotea, yalichelewa tu kuja.

*Fitako* kasema. *Belumaki* kasema. *Sodagimeru* kasema "somaderu". La mwisho kacheka akaondoka. Mbwa na paka kakosea, hata nilipozima feni.

Hospitali nimekwenda. Kile cha hewa kimeonesha kulia sawa, kushoto mstari umelala, wakasema kuna maji, nirudi baada ya miezi mitatu. Sasa nisubiri sikio ndiyo nianze hayo ya kitabu? Na shemeji nimwambieje?

Bint_Kuze

Anza leo, usisubiri. Miezi mitatu ni sahihi, maji mengi hukauka yenyewe, ila siku ya kurudi sisitiza warudie na kile cha kuinua mkono, kila sikio peke yake, kwa sababu sikio moja zima linaweza kulificha lingine. Mpaka hapo darasani akae sikio la kulia likimwelekea mwalimu. Jua la asubuhi nisingelifanya habari kubwa, lakini mtajie daktari wa masikio, aamue kama vile vipimo viwili vya neva vinahitajika.

Shemeji mpe mbwa na paka, mwambie amjaribu mtoto mwenyewe.

Ukipata nafasi ya kuvuka Horohoro kuja huku, niandikie faragha nikueleze siku za kliniki. Uje na ile karatasi ya kipimo cha kwanza, yenyewe yenye mistari na alama, si barua ya daktari inayosema "kawaida". Na urekodi kwenye simu dakika chache mtoto akiongea na bibi yake kwa Kisambaa, nitamtafuta mtu wa kunisikilizia.